Pima Sita za Baba

Dada: Haloo? Haloo, nani mwenzangu?

Kitinda: Dada, mimi.

Dada: Mimi nani? Namba hii siijui.

Kitinda: Mdogo wako! Kitinda. Napiga kwa simu ya Fundi Turubai, yangu imelowa.

Dada: Imelowa na nini? Umeanguka majini?

Kitinda: Shikamoo kwanza.

Dada: Marahaba. Umeanguka?

Kitinda: Nimeingia mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka kifuani. Simu ilikuwa mfukoni. Baba hajambo?

Dada: Hajambo. Leo amenyoa ndevu. Mwenyewe.

Kitinda: Mwenyewe?

Dada: Amejikata hapa na hapa, lakini mwenyewe. Na kofia ya boti amevaa. Yuko kitandani na kofia, kila dakika, “Hajapiga? Hajapiga?” Haya niambie, limepanda?

Kitinda: Yuko karibu na wewe?

Dada: Yuko chumbani, mimi niko ukumbini. Kwani vipi?

Kitinda: Toka nje kidogo.

Dada: Nikitoka nje mtandao unakufa. Ngoja niende jikoni. (kimya) Haya, sema. Ila punguza sauti. Simu hii sikio lake limekufa, inatoa laudspika tu. Ukikohoa huko, jirani anasema pole.

Kitinda: Limepanda.

Dada: Limepanda! Ee Mungu, asan—

Kitinda: Dada, ngoja. Limepanda mpaka mwisho. Kichwa cha tanga kimegonga kapi kule juu, kamba haivutiki tena. Na chini bado linakunywa maji.

Dada: Sijaelewa.

Kitinda: Ni refu.

Dada: Si mlikunje huko chini?

Kitinda: Hili si tanga la kukunja. Ni puto. Linatakiwa lifure mbele ya boti, hewani, ling'ang'anie upepo. Sasa tumbo lote limelala majini. Upepo umelishika, likafura upande mmoja, boti ikaenda mbele ikalipanda. Umewahi kuona bibi harusi akikanyaga gauni lake?

Dada: Usinichekeshe.

Kitinda: Sikuchekeshi. Fundi alikuwa ndani, nusura apinduke nayo. Ndiyo nikaingia kulichomoa.

Dada: Labda mmelifunga kichwa chini, miguu juu.

Kitinda: Fundi anashona maturubai ya malori tangu sijazaliwa, leo asijue kichwa cha tanga?

Dada: Nauliza tu, mwenzangu.

Kitinda: Tumeligeuza. Tumelifunga upya. Kapi tumelisogeza mpaka ncha ya mlingoti. Mlingoti umeisha, dada. Kilichobaki ni mawingu.

Dada: Basi likatwe. Fundi si ana mkasi, ana cherehani?

Kitinda: Nimemwambia. Anasema puto ukilikata, tumbo linakufa. Unabaki na shuka.

Dada: Na hapo ufukweni watu wapo?

Kitinda: Wapo wa kutosha. Mwalimu wa kuogelea yupo, tena amekaa juu ya tairi la trela letu kama vile lake. Ananiuliza tena, boti mnauza lini?

Dada: Ukamjibu nini?

Kitinda: Jibu la baba. Siku akifa.

Dada: Ulikuwa huna jibu jingine?

Kitinda: Si ndilo analojibu mwenyewe siku zote?

(mtandao unakwaruza)

Dada: —yule aliyetuuzia tanga. Nilisema mimi, kitu kikishatumika na mtu kina siri yake. Ametudanganya.

Kitinda: Hakutudanganya. Alisema lina pima sita. Nimelitandaza hapa mchangani, nimelipima kwa mikono yangu. Sita.

Dada: Sasa kama ni sita—

Kitinda: Boti ndiyo si sita. Kutoka kapi mpaka pua ya boti, hata tano hazifiki. Dada?

Dada: Nipo.

Kitinda: Baba alisema sita.

Dada: Najua alisema sita. Si nilikuwepo? Si mimi nilimshikia kiti?

Kitinda: Na mimi nilimpa ile kamba tuliyoishusha kutoka kwenye kapi mpaka pua ya boti. Akaweka blanketi magotini, akaanza kuipima. “Moja... mbili...” Kwa sauti, kama zamani.

Dada: Kama zamani, ndiyo.

Kitinda: Mkono wa kushoto ulikuwa hauendi.

Dada: Kitinda.

Kitinda: Wa kulia ulikuwa unafunguka wote. Wa kushoto unaishia hapa, kiwiko kimekunjika. Ndiyo maana zikafika sita. Hazikuwa pima zile, dada, zilikuwa—

Dada: Nimesema punguza sauti!

Kitinda: Na tepu ilikuwa mfukoni mwa Fundi. Niliiona.

Dada: Hata mimi niliiona. Sasa nani angeitoa? Wewe? Nyumba nzima hii imepimwa kwa mikono ya baba. Mapazia, vitanda, meza. Kabati la mama alilichonga upana wa pima yake moja, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, tukawa tunamsimamisha pale mbele ya wageni tuwaringie. Mtu huyo umtolee tepu, tena mbele ya Fundi?

Kitinda: Sikuitoa.

Dada: Basi. Hakuna aliyeitoa.

Kitinda: Fundi anasema alidhani mmoja wetu angesema.

Dada: Mwambie Fundi na sisi tulidhani vivyo hivyo kuhusu yeye. Sasa sikiliza. Nitamwambia leo hakuna upepo.

Kitinda: Upepo upo, unang'oa kofia. Huko mabati hayapigi kelele?

Dada: Yanapiga.

Kitinda: Basi anayasikia.

Dada: Kamba. Nitasema kamba imekatika, mtajaribu kesho.

Kitinda: Na kesho?

Dada: Kesho ina Mungu wake.

Kitinda: Jumapili anataka kuja mwenyewe. Ameniagiza nimwekee mto kwenye boti. Anasema mimi nikae nyuma niongoze, yeye atashika kamba ya kushoto.

Dada: Najua.

Kitinda: Ya kushoto, dada.

Dada: Najua! Unadhani kila asubuhi nani anamwekea ule mpira kiganjani? “Umeona nilivyoubana? Umeona?” Nimeona, baba. Na mpira haujabonyea hata kidogo. Unadhani yule mtu wa mazoezi kwa nini haji tena?

Kitinda: Ulisema amesafiri.

Dada: Nilisema. Aliniambia mlangoni, anavaa viatu. Mkono umeshafika pale utakapofika. Hivyo tu, akafunga kamba za viatu, akaenda.

Kitinda: Mbona hukuniambia?

Dada: Ningekuambia, ungelileta tanga?

Kitinda: Nisingelileta.

Dada: Tangu lije anakula. Ulilitupa pale kitandani linanuka ukungu, akalilalia usiku kucha kama mtoto na mwanasesere. Asubuhi akaomba chai, akaomba na ya pili. Kabla ya hapo sahani ilikuwa inarudi kama ilivyokwenda. Kwa hiyo usiniulize mbona sikukuambia.

Kitinda: Dada, unalia?

Dada: Ni kitunguu.

Kitinda: Unapika?

Dada: Sipiki.

(mtandao unakwaruza)

Kitinda: —labda tukimweleza polepole. Yeye mwenyewe mtu wa—

Dada: Nyamaza. Ngoja.

Kitinda: Nini?

Dada: Kitanda kimelia.

Kitinda: Amesikia?

Dada: Usikate simu. Baba? Baba, unataka nini, nikuletee? Subiri nije— baba, fimbo! Shika fimbo!

Kitinda: Dada? Haloo? Fundi, salio lako lina kiasi gani? Limebaki hilo tu? Dada! Ameanguka?

Dada: (kwa sauti ya chini) Hajaanguka.

Kitinda: Yuko wapi?

Dada: Amesimama. Ameegemeza mgongo kwenye kabati la mama.

Kitinda: Anafanya nini hapo?

Dada: Amefungua mikono. Wa kulia umegusa ukingo.

Kitinda: Dada, na wa kushoto?

Dada: Anautazama.

Kitinda: Mwambie akae. Mwambie Fundi atalipunguza, atashona vizuri, hata alama haitaonekana—

Dada: Anasema msilikate.

Kitinda: Amesema hivyo?

Dada: Anasema tanga ni zima. Msiharibu kitu kizima kwa ajili ya mkono.

Kitinda: Mwambie tutatafuta jingine, dogo. Tutapima upya, yeye mwenyewe apime, na mimi nitashika—

Dada: Anauliza Mwalimu bado yupo hapo.

Kitinda: Mwalimu wa nini?

Dada: Kitinda, anasema umpe trela.

Kitinda: Hapana.

Dada: Anasema leo leo, aondoke na boti na tanga lake. Yule ana boti nyingine kubwa, litamfaa.

Kitinda: Hapana, dada. Sasa hivi tu nimetoka kumjibu. Unajua nilivyomjibu.

Dada: Amekusikia ulivyomjibu. Simu ni laudspika.

Kitinda: Mpe niongee naye.

Dada: Amekaa. Amevua kofia.

Kitinda: Mpe tu simu!

Dada: Hataki kuishika. (kimya) Anauliza lilitoa sauti?

Kitinda: Nini?

Dada: Tanga. Lilipofura ule upande mmoja. Anauliza lilitoa sauti gani.

Kitinda: Dada, hapa simu ya Fundi inalia, salio lina—

Dada: Mjibu baba yako! Nimeisogeza simu, anakusikia.

Kitinda: Baba? Baba, shikamoo. Lilifura, baba. Upande mmoja tu, lakini lilifura, boti yote ikatetemeka, kamba ikanivuta hivi mpaka nikasimama kwa vidole. Na lilitoa sauti, baba, ilikuwa kama vile mtu ana—

Dada: Kitinda?

Dada: Haloo?

Dada: Ni salio, baba. Limeisha. (kimya) Ndiyo, nami nimesikia. Amesema lilifura. (kimya) Ndiyo, baba. Upande mmoja.