Bi Honorata na Mwisho wa Kitabu cha Kijani

Ifikapo tarehe 30 Juni 1996, Bi Honorata Ndunguru, msimamizi wa maktaba yetu ya Elimu ya Watu Wazima hapa Kibiti, atastaafu baada ya miaka ishirini na minne ya utumishi. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Evaristo wa masjala, kazi ya kumwandikia wasifu, nami nimeikubali kwa woga. Mama huyu aliwahi kusoma makala yangu ya Sikukuu ya Wafanyakazi katika jarida hili hili, akanirudishia na kusema kwamba ni nzuri sana kwa mtu aliyekosa usingizi. Leo zamu yangu.

Bi Honorata alizaliwa Mbinga, akafundisha shule ya msingi huko huko, kisha mwaka 1972 akaletwa Kibiti wakati watu wazima wa wilaya nzima walipokuwa wakihangaika na herufi. Alikabidhiwa kabati moja na sanduku la mbao. Kabati lilibaki ofisini. Sanduku lilisafiri: gari mpaka Nyamisati, boti mpaka Maparoni kwenye delta ya mto, likakaa kule hadi safari nyingine ya kubadilisha vitabu. Ndiyo maana watu wa delta hawamjui kwa jina la Honorata, wanamwita Mama Sanduku. Siku za mwanzo alilalamikia mbu na nazi katika kila chungu. Siku hizi akipewa wali usio na nazi anauliza kuna msiba gani.

Sasa tuje kwenye maneno yake. Kwa Bi Honorata huchukui kitabu hivi hivi kama unachukua sabuni dukani. Utasimama, utasikiliza maoni yake kwanza, ndipo upewe. Kitabu cha ufugaji wa kuku alikisifia picha, lakini akasema mwandishi anafuga kwa kalamu, maana kurasa zote zile hajamtaja kicheche hata mara moja. Ile riwaya ya upelelezi iliyogombewa na vijana wa Bungu hadi jalada likatoka, yeye alisema mpelelezi akiacha kuvuta sigara kitabu kitapungua nusu. Kitabu cha kutajirika upesi kilichotufikia na hii biashara huria alikisoma mara mbili, akitafuta mahali kazi inapoanzia. Hakupaona.

Msidhani ni mama wa kuponda tu. Kijitabu cha uzazi salama, chembamba, cha karatasi mbaya, alikiita kitabu bora kuliko vyote kabatini kwa sababu hakimwogopeshi mtu wala hakimdanganyi, na mama mjamzito aliruhusiwa kukaa nacho mpaka ajifungue. Tenzi hakuzipenda alipotoka bara. Alikuwa akizisoma kimya, peke yake, na kuona zinarudia rudia. Siku moja Mzee Kondo wa Maparoni alimghania utenzi kwa sauti, na mama wa watu akalia mbele ya kadamnasi, akatangaza papo hapo kwamba miaka yote hiyo alikuwa akila ganda la chungwa. Vitabu vya dini, vya msikitini na vya kanisani, hakuvitolea maoni. Alisema vina wenyewe.

Na ile ensaiklopidia ya msaada! Tuliletewa juzuu moja tu ya Kiingereza, kuanzia herufi M hadi P. Bi Honorata aliisoma yote. Muulizeni habari za Meksiko, Norwei au ndege aitwaye pengwini, mtakesha. Muulizeni Uswisi, ambayo kwa Kiingereza huanza na S, atawajibu kwamba juzuu hiyo haijafika.

Watu walimwamini kwa sababu hakuwahi kumdanganya mtu juu ya kitabu. Akisema kitamu, kitamu. Akisema mwandishi kachoka katikati, utafika katikati na utamkuta kachoka kweli. Kwa hiyo jambo la kitabu cha kijani lilipotokea, lilimuuma kuliko ambavyo lingemuuma mtu mwingine yeyote. Yeye mwenyewe ametaka niliandike, akasema wasifu usio na kosa ni tangazo la biashara.

Kitabu hicho ni riwaya ya mapenzi yenye jalada la kijani. Mwanamke aitwaye Sikudhani anaachwa na mumewe, ambaye anakwenda mjini na kuahidi kurudi kabla ya mavuno. Anakaa miaka saba. Sikudhani analima, analinda shamba, analea. Usiku mmoja wa mavuno mume anabisha hodi, ana sanduku lililovunjika na kikohozi. Hapo ndipo nakala yetu ilipoishia. Ilikuwa imeazimwa kwenye kambi ya wakata mikoko, na jamaa wale walipoishiwa karatasi za kusokotea tumbaku walianza kuchana kitabu kutoka nyuma. Walijitetea kwamba msomaji wao alikuwa bado yuko mbali na kule, wakaona kurasa za mwisho hazina haraka.

Mwaka 1988 nakala hiyo iliyokatika ilifika Maparoni. Msomaji wa pale alikuwa Bi Mwantumu, mkulima wa mpunga aliyejifunza kusoma katika madarasa yetu, na kwa kawaida ya kule mmoja husoma kwa sauti na baraza zima husikiliza. Walipofika kwenye hodi na kukuta kitabu kimekwisha, hapakukalika. Safari iliyofuata walimzunguka Mama Sanduku, wakamtaka awaambie Sikudhani alifanya nini.

Bi Honorata alikuwa amekisoma kitabu kabla hakijachanwa. Aliujua mwisho, na mwisho ule ulimkera miaka mingi: Sikudhani anafungua mlango, anapiga magoti, anamwomba mume msamaha kwa kumshuku. Looo! Alipotazama wale akina mama waliotoka shambani, miguu ina tope, ulimi ukakataa. Akawaambia kwamba Sikudhani hakufungua mlango, alifungua dirisha. Alimwambia mume kuna maji mtungini hapo nje, anywe, kisha aende akalale kwa dada yake, na kesho aje mchana mbele ya wazee aseme alikuwa wapi. Baraza likapiga vigelegele. Bi Honorata akarudi Kibiti amenuna, na hatukujua kwa nini.

Hakujua kwamba mume wa Mwantumu, Bwana Abdala, alikuwa ameondoka tangu 1986, biashara zilipofunguliwa, akaenda Dar es Salaam kuuza mitumba. Mwaka 1990 Abdala alirudi usiku, mitumba imemshinda, akabisha hodi. Mwantumu akafungua dirisha. Akamwambia kuna maji mtungini.

Habari hiyo ilivuma delta nzima, ikatufikia ofisini kama kichekesho. Sisi tulicheka. Bi Honorata hakucheka, alifunga kabati na kwenda nyumbani mapema, jambo ambalo halijatokea tena. Mwenzetu alikuwa amebeba ndoa ya watu mgongoni na hakuwa na wa kumwambia.

Mwaka 1993 yakafumuka. Hashimu, mnunuzi wa korosho wa Bungu, alikuta nakala nyingine ya kile kitabu cha kijani, nzima, kwenye turubai la muuza vitabu chakavu kando ya barabara. Akatuletea kwa furaha, na kwa kuwa hana subira akatusomea mwisho wake pale pale ofisini. Magoti, machozi, msamaha. Tukamgeukia Bi Honorata. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alisema tu kwamba kesho anakwenda Maparoni, na kwamba mtu atakayefika kule kabla yake na habari hizo atakuwa hana utu.

Nilikwenda naye kubeba sanduku. Njia nzima hakutoa maoni juu ya kitu chochote, nikaogopa anaumwa. Kwenye baraza la Maparoni alisimama, hakuketi, akasema mwisho aliowapa ulikuwa wake na si wa mwandishi. Akausoma ule wa kweli mpaka nukta ya mwisho. Kisha akamwangalia Mwantumu na kumwomba radhi. Akasema hakuwa na haki ya kuingiza mkono wake kwenye mlango wa mtu.

Abdala akanyanyuka. Wakati huo alikwishapokelewa nyumbani, lakini si kabla ya misimu miwili ya kulala dunguni, kibanda cha juu ya nguzo shambani, akimlindia mkewe mpunga dhidi ya nguruwe na viboko. Alitaka kuelewa vizuri: yaani ile baridi yote ya dunguni, ule usiku kiboko alipojikuna mgongo kwenye nguzo za dungu naye yumo juu, yote hayo kayapata kwa sababu ya huyu mama kutoka Mbinga? Baraza likaangua kicheko. Abdala mwenyewe hakucheka sana.

Mwantumu aliomba kitabu. Alizisoma zile kurasa mwenyewe, polepole, sisi tunangoja. Kisha akatoa maoni, kwa namna ile ile ya Mama Sanduku, hata mkono kiunoni: kitabu kizuri mpaka kwenye hodi, baada ya hodi mwandishi alikuwa na haraka ya kwenda kwake. Ama kuhusu yeye mwenyewe, alimuuliza Bi Honorata nani alimwambia kwamba alimfukuza mume kwa amri ya kitabu. Alikuwa na miaka minne ya kupanga la kusema mlangoni. Maji ya mtungini, hayo ndiyo aliyoyapata kwenye kitabu. Kama si kitabu, Abdala angelala na kiu yake. Bi Honorata akaketi. Nilimwona akifuta macho kwa pindo la kitenge, na mimi pia nilikuwa na kazi hiyo hiyo.

Tulikiacha kitabu kizima Maparoni. Tangu siku hiyo Bi Honorata hajabadilisha mwisho wa kitabu chochote, hata kile cha kuku. Na kuanzia Julai mwaka huu sanduku la delta litasimamiwa na Bi Mwantumu, kwa pendekezo la Bi Honorata mwenyewe, na nimesikia kwamba maoni yake ni makali kuliko ya mtangulizi wake. Waandishi kazi wanayo.

Mwezi uliopita vitabu vyote vilirudishwa ili mama akabidhi ofisi. Mnajua alivyo: kukunja tu pembe ya ukurasa kumewahi kumkosesha mtu kuazima mwaka mzima. Kitabu cha kijani kilirudi na kurasa za mwisho zimechanwa, magoti na machozi yote hayamo. Aliyekileta ni Bwana Abdala. Alikiri bila kuulizwa kwamba amezisokotea tumbaku, na karatasi haikuwa imemwishia. Alisema kila baraza lilipofika pale alishindwa kumwangalia mkewe usoni.

Bi Honorata hakumtoza faini. Alikipokea kitabu, akakirudisha sandukuni kwa ajili ya Maparoni.

Bi Honorata, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kabati, kwa sanduku, na kwa kila maoni, yakiwemo yale ya makala yangu. Umechagua kubaki nasi Kibiti, kwenye nyumba yako na mikorosho yako, na tumefurahi mno. Mungu akupe afya, macho yasichoke mapema, na wali wako usikose nazi. Ile juzuu ya herufi S tunaendelea kuitafuta.