Milimau Ikatwe Leo

Sogeeni, wanangu, mfunge na mlango, maana pumzi iliyonibakia si ya kupigia kelele. Nolberto, keti. Hortensia, acha kunifunika, sisikii baridi.

Shamba ni lenu nusu kwa nusu, na mbuzi ni wa Hortensia, aliyewakamua miaka yote wewe Nolberto ukiwa migodini. Maji hayamo katika urithi huu. Wanajeshi walipotawala waliandika sheria kwamba ardhi ni kitu kingine na maji ni kitu kingine, mtu aweza kuuza mto akabaki na vumbi, na baba yenu mdogo Ismael, aliyejua kusoma, akaandikisha maji yetu sote kwa jina lake, akayauza kwa kampuni ya maparachichi kule mlimani, akahamia Santiago. Mfereji bado unakatiza uani kwetu, umejaa pomoni, nausikia hapa kitandani, na Hortensia akichovya ndoo anaitwa mwizi. Ismael akija mazikoni mpeni kiti na divai, ila jeneza langu asiliguse.

Sasa wewe, Nolberto. Usidhani sijui. Kesho unataka kuiweka nyumba rehani ukodi maji ya kampuni, eti milimau ya mama yako isife. Unaniambia, "Mzee, serikali imebadilisha sheria." Imebadilisha, ndiyo: maji ya kunywa kwanza. Ya milimau hayakutajwa, na yaliyouzwa yameuzwa. Kiangazi kijacho watapandisha bei, ukose milimau, ukose na nyumba, na dada yako alale wapi, mbishi wee? Na sanamu ya Mtakatifu Isidro, mlinzi wa wakulima, msiipitishe tena hapa kuomba mvua. Hata ikinyesha, ikishafika mtoni ina mwenyewe. Msimsumbue bure mzee wa watu.

Ikateni. Yote. Mama yenu aliimwagilia kwa maji ya kufulia hadi siku aliyoanguka, nami nalia, mnaniona ninavyolia, lakini ikateni, kuni muuze, muhame na mbuzi wenu mkiwa bado na nguvu za kuhama. Si kesho, Nolberto. Kesho nitakuwa nimekufa na wewe utajidanganya.

Mungu awa... awalinde, wanangu, awape mahali... pa kukaa. Hortensia, fungua dirisha. Nolberto, baraka yangu unayo, baba. Nenda... kawashe msumeno. Anza na ule wa mlangoni, nikiwa bado nasikia.