Herufi Iliyofutwa kwenye Karatasi za Delmer

Mheshimiwa Meya Pruitt, Mchungaji Asbury na mama mchungaji, ndugu wanamuziki wa Tennessee, wageni waalikwa, na wewe Junie, uliyemsubiri mumeo Delmer kila mwisho wa wiki kwa miaka thelathini na minane: habari za mchana.

Najua nyama inapoa, na bwana harusi wetu wa leo, huyu mzee tunayemuaga anapostaafu, hapendi hotuba. Avumilie. Delmer Hargis amenipigia besi mimi, Verlene Tackett, tangu nikiwa na kiuno.

Nani humtazama mpiga besi? Watu humtazama mwimbaji. Wakimchoka, humtazama mpiga gitaa. Wakimchoka naye, huenda kutafuta bia. Delmer alisimama nyuma kando ya ngoma, akitafuna kijiti, nasi wote tukamwegemea bila kujua.

Miaka kumi na moja iliyopita koo langu liliugua. Nilipona, lakini sauti za juu zikanikimbia, na nyinyi mnajua mwimbaji asiyefika juu hupewa maua na kusindikizwa mlangoni. Nilikuwa natapika kwa hofu kabla ya kila onyesho. Kisha, tukiwa Knoxville, sauti ikarudi! Nikawaambia wenzangu nyuma ya jukwaa, "Mmesikia? Mama karudi!" Odell wa ngoma akainama kufunga kamba za viatu. Odell huvaa buti zisizo na kamba.

Ndugu zangu, mnajua sisi hatuandiki nota, tunaandika namba za kodi: moja, nne, tano. Wimbo ukishushwa, namba hazibadiliki. Hubadilika herufi moja tu kwenye kona ya karatasi, ile inayosema wimbo unaanzia sauti gani, na karatasi zetu aliziandika Delmer.

Mwezi uliopita alimkabidhi mrithi wake, Tamsin, jalada zima. Binti akaniuliza mbele ya bendi, "Mama Verlene, mbona kila herufi ya kona imefutwa mara mbili tatu?"

Nikamgeukia Delmer. "Wewe mzee! Miaka kumi na moja unanishusha?"

"Sijakushusha," akasema, kijiti mdomoni. "Nimeushusha wimbo. Wewe uko palepale."

"Na mkanyamaza wote?"

"Tungekwambia, ungeacha," akasema Odell.

Nilinuna siku mbili. Niliona haya, nilijiona mjinga niliyejisifia sauti ya kuazima. Siku ya tatu niliamka mwepesi ajabu. Kumbe ile hofu nilikuwa bado nayo miaka yote, nikijiuliza kila jioni kama leo ndiyo siku sauti itakimbia tena. Imekimbia zamani, jamani, na mmeendelea kuja! Nimelala usingizi ambao sijaulala tangu koo liugue.

Delmer, kaka yangu, waliosifiwa kwa kunipandisha ni wengi. Aliyeninusuru ni wewe, kwa kifutio cha penseli. Ahsante. Mungu akupe uzee mtulivu, na Junie akuvumilie ukishinda nyumbani.

Meya, wageni wote, nashukuru kwa masikio yenu. Sasa tutaimba. Delmer, wewe kaa hapo mbele kwenye kiti, usishike kitu. Tamsin, mwanangu, chukua penseli. Ushushe wimbo tena hatua moja, na uwatangazie watu kwamba Verlene ndiye aliyeomba.