Kisigino Juu ya Chokaa

Baba Padri, ndugu na jamaa, na ninyi wengine mliokuja leo Jumatano, tarehe 15 Septemba 2021, kumsindikiza marehemu Merle Stefan Hudacek: mimi ni Theodora, binti yake wa kwanza, na nimepewa na familia kazi ya kusoma habari za maisha yake, ambazo Baba mwenyewe aliagiza zisilainishwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 mjini Tarrs Hollow, Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Stefan, mchimba makaa, na mama Irena, mfuaji nguo, akasoma shule ya parokia kuanzia mwaka 1944, kisha sekondari ya mji aliyoimaliza Juni 1956, na huko alicheza futiboli yetu ya Kimarekani misimu miwili mpaka goti likavunjika.

Mwaka huohuo aliajiriwa na reli, akadumu miaka arobaini na miwili, kazi yake ikiwa kutembea kwa miguu juu ya njia ya treni, mvua na theluji, akitafuta ufa katika chuma, ufa mwingine mwembamba kama unywele, na hakuna treni hata moja iliyoanguka katika kipande alichokikagua yeye. Mwaka 1964 alifaulu mtihani wa uamuzi wa futiboli, na tangu hapo kila vuli alisimama pembeni mwa uwanja kama mwamuzi wa mstari.

Tarehe 17 Juni 1961 alifunga ndoa na mama yetu, Ludmila, mzaliwa wa hapa Brackett's Ford, akahamia huku kwa ajili yake, wakajaliwa watoto wawili, mimi mwaka 1963 na mdogo wangu Paul mwaka 1966.

Sasa nafika siku ambayo nyote mnaijua, au mnadhani mnaijua, yaani Jumamosi ya tarehe 17 Novemba 1979, fainali ya wilaya, saa nane mchana, ambapo mwamuzi aliyepangwa alikwama barabarani kwa theluji, na makocha wote wawili, akiwemo wa kwetu, wakatia saini kwamba Hudacek asimame badala yake. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, zimebaki sekunde sita, mpira ukarushwa kwenye kona ya eneo la ushindi, ambako kuudaka ni pointi sita, na Duane Pasternik, kijana wetu wa miaka kumi na saba, akaruka akaudaka vizuri kabisa, akatua kwa vidole ndani ya uwanja na kisigino, kwa mwendo uleule mmoja, juu ya mstari. Mstari wa chokaa ni nje ya uwanja. Ndivyo sheria ilivyo, na mngeweza kuisoma wakati wowote kwa miaka arobaini na miwili. Baba alikuwa hatua mbili kutoka pale, akapunga mikono yote miwili chini, pasi haikukamilika, tukashindwa.

Yaliyofuata yanatia kinyaa, na nitayasema mbele ya jeneza lake. Kinyesi cha mbwa kilitiwa katika sanduku letu la barua, kicheche aliyeoza alining'inizwa mlangoni, mtu mzima mwenye wajukuu alitema mate ndani ya supu ya Baba pale mkahawani, na watu wakacheka. Baba aliyavumilia, akaendelea kuamua mechi za miji mingine hadi mwaka 1991. Asilolivumilia ni walivyomtenda Mama, aliyekuwa amekanda unga na kujaza viazi kwenye maandazi yaliyouzwa kila Ijumaa katika jiko la kanisa hili kwa miaka kumi na minne, na ambaye Ijumaa iliyofuata alipokelewa mlangoni na wanawake aliokua nao, wakamwambia, "Millie, leo tunatosha." Walitosha kila Ijumaa mpaka alipofariki tarehe 2 Februari 2004, na siku hiyo wakaleta maua.

Mwaka 2019 figo za Baba zilishindwa, akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mwezi Oktoba mwaka huo Duane Pasternik alibisha hodi kwetu, akakaa ukingoni mwa kiti bila kuvua koti.

"Mzee Hudacek," alisema, "nilikisikia kisigino. Kilikanyaga chokaa."

"Najua kilikanyaga. Nilikuwa pale. Wewe ulijua lini?"

"Palepale."

"Ukanyamaza miaka arobaini?"

"Walikuwa wananinunulia bia, mzee. Kila Novemba. Hata kazi ya kuuza magari nilipewa kwa sababu ya ule mpira."

"Na mke wangu?" Baba akauliza.

Sijawahi kumwona Baba akimtazama binadamu vile, kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama. "Nitokee hapa," alimwambia. "Ukishawaambia, ndipo urudi."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Duane alisimama katikati ya mkahawa, mayai yakimpoa kwenye sahani, akasema kwa sauti, "Ilikuwa nje. Nilikanyaga mstari. Hudacek aliona sawa." Nami nilikuwapo, kwenye meza ya dirishani, nilisikia mlivyomjibu.

"Duane, una moyo mzuri," alisema kinyozi wetu, "ila usimfurahishe mgonjwa kwa kutudhulumu mara ya pili."

"Mguu ni wangu mimi!"

"Wewe ulikuwa hewani, bwana. Sisi tulikuwa jukwaani, tuliona."

Mkacheka, mkarudi kwenye chapati zenu za maji na shira, na mwenye mguu akabaki amesimama.

Alikuja moja kwa moja kwetu, akamweleza Baba neno kwa neno, na Baba akauliza, "Walikununulia kahawa, angalau?"

"Wamenilipisha mpaka ya jirani."

Baba alicheka mpaka akakohoa, akamwonyesha kiti, na tangu wiki ile Duane ndiye aliyemwendesha kliniki kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na barakoa usoni wakati wa korona, hadi Jumamosi iliyopita, tarehe 11 Septemba 2021, saa nne asubuhi, Baba alipokata roho kitandani kwake, akiwa na miaka themanini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya figo, waamuzi wenzake waliotoka wilaya tano, wafanyakazi wenzake wa reli, na jirani yetu Bi. Opal Trimble, ambaye mwaka ule alikuwa akiliosha sanduku letu la barua kabla hatujarudi kutoka shuleni, tukalijua hilo juzi tu. Duane hatujamsamehe yote, naye anajua, lakini atabeba jeneza, upande wa kushoto, mbele, na asiyependa kumwona hapo, mlango uko nyuma yenu.

Ulale pema, Baba. Uliona sawasawa.