Kinoo cha Mzee

KINYOZI: Haloo? Nani mwenzangu?

MZEE: Mwenzako! Baba yako huyu. Nimeazima simu ya dada yako.

KINYOZI: Aa! Shikamoo, baba.

MZEE: Marahaba. Sikia, daktari kasema mkono wangu umepona. Jumatatu narudi kunyoa hapo dukani.

KINYOZI: Ee... hongera, mzee.

MZEE: Kwa hiyo loweka kinoo changu majini, uupitishe wembe wangu juu ya jiwe taratibu—

KINYOZI: Hapo ndipo penye shida.

MZEE: Shida gani tena?

KINYOZI: Kinoo kilikuwa kimebonyea katikati. Nilikiwekea rula, mwanga ukapita chini yake.

MZEE: Rula! Tunanyoa ndevu au tunajenga nyumba?

KINYOZI: Nyembe zangu mpya zilikuwa zinashika makali kwenye ncha na kisigino tu, katikati butu. Mteja kaondoka hapa na ndevu nusu, kashika shavu—

MZEE: Kinoo hicho kimewasomesha nyote—

KINYOZI: Najua, ba—

MZEE: —na hakuna shavu lililolalamika!

KINYOZI: Niache nimalize basi! Nimekisugua. Nimeweka msasa juu ya kioo, nikakichora kinoo mistari ya penseli, nikakisugua hapo mpaka mistari yote ikafutika. Sasa kiko sawa kabisa.

MZEE: [mtandao unakwaruza] ...chote?

KINYOZI: Chote.

MZEE: Na wembe wangu je?

KINYOZI: Nimeujaribu leo asubuhi. Unagusa jiwe kwa tumbo tu, pale katikati. Ncha inaning'inia, kisigino kinaning'inia.

MZEE: Utaachaje? Miaka yote umenolewa kwenye bonde lile, nao ukaota tumbo kulifuata. Vilizoeana kama mguu na kiatu chake! Sasa nitanyolea nini?

KINYOZI: Naweza kuunyoosha na wenyewe.

MZEE: Uukwangue ubaki nini? Umekwisha ule! Kwa nini hukuniuliza?

KINYOZI: Ungekataa!

MZEE: Si ndiyo maana watu huulizwa?

KINYOZI: Baba, nimechoka! Bonde hata la unene wa unywele linaharibu wembe mzima. Na anayetukanwa na wateja ni mimi, si wewe!

MZEE: Haya. Hapo umesema kweli.

KINYOZI: Samahani, sikukusudia—

MZEE: Kwani mimi kipofu? Nilijua kimebonyea. Nakuuliza jambo jingine. Kabla hujakisugua, nyembe zako ulizipima kwa hiyo rula?

KINYOZI: Nilizipima.

MZEE: Zote?

KINYOZI: Zote.

MZEE: Na wangu?

KINYOZI: Wako?

MZEE: Nimeuliza, na wangu?

KINYOZI: Baba, mimi sikudhani kama mkono wako uta—

MZEE: Uta nini?

KINYOZI: Ha... haloo? Mtandao huu, baba. Sikusikii.

MZEE: Mimi nakusikia vizuri kabisa.

KINYOZI: Mteja kaingia, mzee, nitakupigia baada—

MZEE: Haya, mwanangu. Kamnyoe.