Kamba ya Ng'ombe

Basi lilipotoka Bomang'ombe kupanda Machame, mzee mmoja mwenye koti la kanisani aliapa kwamba hatampa mwanawe hata soksi za kwendea chuo kikuu. "Serikali inamsomesha bure. Mimi nilipe nini tena?"

"Alale chini huko Dar, mzee wangu?" akauliza mama aliyepakata kuku. "Shuka, viatu, nauli, vyote atapewa na serikali? Mzazi hujinyima."

"Hujinyima yeye, mama, au huwanyima wengine?"

Nyuma yao, Lukresia aliinamisha kichwa. Mapajani alishika kamba ya ng'ombe aliyeuzwa mnadani asubuhi ile. Baba yake alibaki huko mnadani kumnunulia kaka yake, Remigius, sanduku la kwendea chuo. Lukresia aliacha shule darasa la tano ili amkatie ng'ombe huyo majani, akaahidiwa kwamba ndama wa kwanza atamnunulia cherehani. Ng'ombe ameuzwa na mimba yake.

Mama wa kuku akageuka. "Haya binti, tuamulie. Mzazi asimsaidie mtoto?"

Mtoto yupi? Lukresia alitaka kuuliza. Basi likasimama. Akashuka na kamba yake, na miguu ikampeleka kukata majani ya ng'ombe, kama kila siku.