Wilfred Raine na Kura Zilizofutana

Wapo hapa kanisani leo mjane wake, Bi. Maureen Raine, watoto wake, Alison na Keith, shemeji yake, Bwana Cuthbert Stobbart, wenzake wanne wa kiwanda cha chuma, na muuguzi Doreen Alder. Mbunge wetu hayupo, ametuma maua.

Marehemu alizaliwa hapa Skelbeck tarehe 3 Machi 1941, akasoma shule ya Mtaa wa Chapel, akaingia kiwandani mwaka 1956, na tarehe 6 Juni 1964 akamwoa Maureen Stobbart, wakajaliwa Alison mwaka 1966 na Keith mwaka 1969. Wilfred alikuwa mtu wa Leba, chama cha wafanyakazi, Cuthbert wa Konsavativu, chama cha wahafidhina, na kila uchaguzi walipatana wote wawili wasiende kupiga kura, kama wabunge wa pande mbili wanavyopatana kutohudhuria, kwa kuwa kura zao zingefutana, wakabaki klabuni wakicheza domino.

"Kaa chini, shemeji, serikali yako nimeshaizika hapa mezani."

"Izike tu, Wilf, ikifufuka utakuja kuiomba kazi."

Konsavativu walifunga kiwanda mwaka 1983, Wilfred akawangoja Leba miaka kumi na minne, nao walipoingia madarakani wakashika viwango vilevile vya matumizi walivyovikuta, wakaondoa wodi ya wazazi katika hospitali yetu, kisha Konsavativu wakarudi na kufunga kitengo cha dharura mwaka 2013, kila mmoja akidai amefungwa mikono na aliyemtangulia.

Tarehe 4 Julai 2024 Wilfred, moyo ukiwa umeshaanza kumsumbua, alizisukuma domino kando.

"Vaa koti, Cuthbert. Miaka yote tunafutana sisi kwa sisi, wao wanapokezana kiti."

Walikwenda pamoja, wote wawili wakampigia mgombea wa Leba, aliyeahidi mbele ya lango la hospitali kwamba kitengo kitafunguliwa. Alishinda. Mwezi Oktoba, tulipomwandikia, alitujibu kwamba kanuni za bajeti haziruhusu, maneno yaleyale ya mbunge aliyemtangulia.

Familia inamshukuru muuguzi Doreen, majirani wa Mtaa wa Foundry, na wahudumu wa gari la wagonjwa, ambao hawana kosa. Haimshukuru waziri yeyote, wa jana wala wa leo, na maua yatarudishwa.

Tarehe 11 Februari 2025 moyo ulimshika nyumbani kwake, mkabala na lango la kitengo cha dharura kilichofungwa, akapakiwa garini kupelekwa hospitali ya mji mwingine. Wilfred Raine alifariki njiani.